Mshipa wa Fundi Ndambuki

Kioko alinipigia simu nikiwa nimeketi barazani kwangu mjini Wote, nikichagua mawe kwenye ndengu. "Auntie Syombua," akasema, "mzee ametuacha. Tunamzika Malili Alhamisi." Nilikaa na ungo magotini, nisijue kama nimesema pole au nimekata simu tu. Alhamisi nikaenda. Fundi Ndambuki alikuwa amehamia Malili kwa Kioko, mwanawe, miaka mingi iliyopita, na wengi waliojaa hemani walimjua akiwa tayari mzee, mtu wa fimbo na Biblia ya maandishi makubwa. Mchungaji kijana alisoma historia ya marehemu. Alipofika pa ugonjwa, akasoma: "Akiishi Migwani alisumbuliwa na mguu, ukawa karibu kukatwa, lakini Bwana akamponya." Watu wakaitikia amina, naye akafungua ukurasa wa pili. Nilishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji mgongoni. Mwaka mzima, mwaka ulionifanya nikawa nesi niliyekuwa kwa zaidi ya miaka thelathini, ulikuwa umepita kwa sentensi moja, na mle hemani labda tulikuwa wawili tu tulioujua wote. Wa pili alikuwa mjane wake, naye alikuwa ameinamisha kichwa.

Sitaanza na nilikozaliwa wala walionisomesha. Naanza na chumba. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa na miaka ishirini na minne, nesi mpya katika kituo cha afya cha Migwani, na chumba nilichopata kilikuwa ubavuni mwa nyumba ya Fundi Ndambuki na mkewe, Mama Kioko. Kitanda cha kamba, meza, ndoo ya maji yenye kifuniko, na dirisha lililotazama kisiki cha kukatia kuni. Ukuta kati yangu na sebule yao haukufika juu. Uliishia pale palipoanza mbao za paa, kwa hiyo kila neno lililosemwa upande wao liliruka likaniangukia. Siku za kwanza nilikuwa nakohoa makusudi wajue nipo. Mama Kioko akacheka: "Nesi, wacha kukohoa. Hapa hatuna siri." Kwa wiki ya kwanza nilijipikia kwa stovu ya mafuta ya taa, ya pili akanikataza. "Wewe unaokoa watu kutwa nzima, halafu unakula mkate mkavu? Njoo mezani." Basi nikawa mtu wa meza yao. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, Jumapili wali na kuku wa kienyeji, na chai iliyochemka mpaka ikawa rangi ya udongo wa Kitui.

Fundi alikuwa na kama miaka hamsini na sita, mrefu, mkavu, mkononi daima ana chaki ya kuchorea vitambaa. Alishona sare za shule zote za karibu, na majoho ya kwaya. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na siku za soko alisimama karibu na duka lake na kipaza sauti akihubiri. Mahubiri yake mashuhuri yalikuwa ya tumbaku. Alisema mwili ni hekalu, na anayevuta sigara anawasha moto hekaluni. Wavulana wa kuuza mbuzi walizima sigara zao walipomwona. Mimi mwenyewe, msichana wa kanisa la aina hiyohiyo, nilimsikiliza nikajiambia nimebahatika kukaa kwa watu safi.

Jambo la kwanza nililoliona, na sikulielewa, ni jinsi alivyotembea kwenda kanisani. Si mbali, mtu mzima anafika kwa dakika kumi. Yeye alisimama mara tatu. Alisimama kwenye duka la mbolea akasalimia, akasimama kwa mama muuza nyanya akauliza bei bila kununua, akasimama tena getini kwa mwalimu mkuu. "Huyu mzee anapenda watu," Mama Kioko aliniambia kwa fahari. Lakini mimi nilikuwa nyuma yao, na niliona akisimama hata pasipo na mtu. Alisimama, akashika paja, akangoja, kisha akaendelea kama aliyekuwa anakumbuka kitu. Halafu asubuhi moja, nikiwa bado kitandani, nikamsikia Mama Kioko juu ya ukuta: "Leo tena umelala umeketi. Mguu umeuning'iniza chini kama nguo. Kwani kitanda kina nini?" Naye akajibu, "Ukiwa juu unawaka. Ukiwa chini unatulia." Nilikaa kitako. Darasani tulikuwa tumefundishwa maneno hayohayo, dalili ya damu isiyofika mguuni, kwa lugha ya kitabu, na nilikuwa nimeyakariri kwa ajili ya mtihani bila kufikiri kwamba kuna mtu angeyatamka kwa sauti ya kawaida akitafuta viatu vyake.

Nikamwomba anionyeshe mguu. Alikataa wiki mbili. Siku alipokubali, ni kwa sababu Mama Kioko alimvua soksi kwa nguvu mbele yangu, tukiwa tumemaliza chai. Kidole cha pili cha mguu wa kulia kilikuwa cheusi kuanzia ukucha, na pembeni palikuwa na kidonda alichosema ni cha kiatu. Nilishika wayo. Ulikuwa baridi kama mtungi wa maji. Nikatafuta mpigo wa damu juu ya mguu, nyuma ya kifundo, nyuma ya goti. Hakuna. Mguu wa pili, nyuma ya goti niliupata mara moja. Niliinua uso nikawaona wote wawili wananitazama, na nadhani uso wangu ulisema kabla ya mdomo, maana Mama Kioko aliweka kikombe chini akasema, "Asi! Nesi, ni nini?"

Kule hospitalini Kitui daktari wa upasuaji hakuzunguka. Aliminya, akasikiliza, akachukua kalamu ya wino akachora mstari kwenye paja la Fundi, juu ya goti. Nakumbuka huo mstari zaidi ya ninavyokumbuka sura ya daktari. Ulikuwa wa buluu na umenyooka, na Fundi, ambaye maisha yake yote alichora mistari kama ule kisha akakata, aliutazama akauelewa kabla hatujaelezwa. "Daktari," akasema, "mimi nashona na huo mguu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga." Daktari akafunika kalamu yake. Kisha akasema kuna mwenzake Nairobi, amerudi kutoka masomoni, anayefungua mishipa kwa puto. Anapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa wa damu, anapeleka kiputo mpaka palipoziba, anakijaza, njia inapanuka. Hapasui mtu. "Amefanya kwa wachache. Siwaahidi kitu. Lakini mkifika kwake wiki hii, mimi naweka kisu chini." Mama Kioko akaniuliza kwa Kikamba kama huyo daktari anatania. Mimi mwenyewe sikujua. Puto nililolijua lilikuwa la harusi.

Daktari huyo wa Nairobi alikuwa mwanamke wa kutoka Kaskazini Mashariki, Daktari Halima, mwembamba, hijabu nyeupe, sauti ya chini. Fundi alimtazama kama anayesubiri mkubwa wake aingie. Akaelezwa habari ya waya na puto, akaitikia kwa kichwa vizuri tu, mpaka alipouliza, "Na hiyo waya inaingilia wapi?"

"Kinenani," akasema daktari. "Tunaingilia upande wa mguu mzima, tunavuka, tunashuka kwa huu mgonjwa."

Fundi akatazama dari. "Na ni wewe mwenyewe utafanya?"

"Ni mimi."

"Hakuna mwanaume?"

"Yuko mmoja. Anasukuma kitanda."

Niliuma midomo nisicheke. Kisha daktari akafungua faili akauliza sukari, presha, akafika kwa sigara. "Mimi ni mzee wa kanisa," akasema Fundi.

"Sijauliza kanisa, mzee. Nimeuliza sigara."

"Hapana. Sivuti."

Hapo ndipo mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nilijiingiza. "Daktari, huyu ndiye anahubiri sokoni watu waache." Nilisema kwa majivuno. Daktari Halima alinitazama muda mrefu, akatazama vidole vya Fundi, akaandika.

Kesho yake waliniita ndani. Fundi alipolazwa kwenye ile meza nyembamba, chini ya mashine, woga ulimpokonya Kiswahili chote. Kila alichoulizwa alijibu kwa Kikamba, na hakuna mle aliyekijua. Nikavishwa aproni ya risasi ya kukinga miale ya eksirei, nzito kama mtoto wa miaka mitano, nikasimama kichwani kwake. Hakulazwa usingizi. Alipigwa ganzi ya kinenani tu, na juu ya mwili wake wakatandaza shuka za kijani mpaka akabaki uso na mkono mmoja, ambao niliushika. Kazi yangu ilikuwa maneno: vuta pumzi, usisogee, utahisi joto. Joto hilo lilikuwa la dawa ya rangi. Ilipoingia, mishipa yake ikatokea kwenye skrini, na mimi ambaye nilikuwa nimefunga vidonda mamia nilishikwa na baridi. Mguu mmoja uliota kama mti. Ule wa kulia, mshipa ulishuka katikati ya paja ukakatika ghafla, kama barabara iliyochukuliwa na mafuriko, na chini yake palikuwa na vijinyuzi vilivyojikokota kutafuta njia ya pembeni. Nilimtazama Fundi, nikatazama skrini. Mtu aliyekula nami muthokoi kila jioni alikuwa ametembea kanisani kwa nyuzi zile.

Jaribio la tatu waya ukapita. Daktari akasema, "Najaza," na kwenye skrini kiputo kikavimba, chembamba, kikiwa na kiuno katikati palipokaza. Fundi akaubana mkono wangu mpaka pete ikanikata. Akafungua macho akanitazama moja kwa moja, akasema kwa Kikamba, bila kunong'ona: "Syombua, mwambie. Ni sigara. Tangu nikiwa kijana. Navuta dukani, kila siku. Mwambie."

Daktari hakuinua macho kutoka kwenye skrini. "Nesi, amesema nini?"

Ninaandika haya nikiwa na miaka inayokaribia sitini na bado naisikia sauti yake ikiniuliza. Maneno yote nilikuwa nayo mdomoni. Mle chumbani hakuna mtu wa Migwani aliyekuwepo, na hakuna kanisa wala Mama Kioko aliyesikia. Ningesema neno moja tu. Lakini nilikuwa nimejivunia mtu huyu jana yake mbele ya daktari yuleyule, na nilihisi kwamba nikilitamka, ni mimi nitakayevuliwa nguo pale mezani. Nikasema, "Anasema inauma sana."

"Mwambie ni dakika moja tu. Halafu naachilia."

Fundi alikuwa amepoteza Kiswahili cha kusema, lakini hakupoteza cha kusikia. Alinitazama kidogo zaidi. Kisha akageuza uso upande wa mashine.

Kiputo kikapoteza kile kiuno, kikanyooka. Wakapitisha tena dawa ya rangi, ikashuka moja kwa moja mpaka kifundoni, na mtu mmoja nyuma ya kioo akapiga makofi. Nilipogusa wayo jioni ile, ulikuwa na joto, na juu ya mguu nikapata mpigo, mdogo, wa haraka, kama wa ndege aliyeshikwa. Nililia. Mama Kioko, aliyekuwa ameandamana nasi na chupa ya uji tangu Migwani, naye alilia, akimshika Daktari Halima mikono yote miwili na kumwita "mwaitu", mama yangu, ingawa daktari angeweza kuwa bintiye. Wakati wa kutoa ruhusa, daktari alitupa aspirini na akarudia mbele yetu sote: "Sijui ni nini kiliharibu mshipa huu hivi. Kama angekuwa mvutaji ningesema, moja tu ikirudi, mshipa utaziba. Lakini ameshasema havuti." Fundi alikuwa anafunga kamba za viatu. Mimi nilikuwa nakunja blanketi.

Ibada ya shukrani ilijaa mpaka nje. Fundi alitembea kutoka nyumbani mpaka madhabahuni bila kusimama popote, na akina mama wakapiga vigelegele. Kidole cheusi kilikauka, na cherehani ikarudi kuimba. Nami nikajiambia nilichokificha kilikuwa rehema. Mtu ameshapona, amejuta mbele ya Mungu juu ya ile meza, neno langu lingeongeza nini? Nilikula mezani kwao kila siku nikiwa na hilo jibu tayari.

Ilikuwa kama mwezi wa tisa. Jumapili moja nilikuwa nyuma yao njiani. Fundi akafika kwenye duka la mbolea, ambalo lilikuwa limefungwa, akasimama, akalisalimia.

Kesho yake mchana nilitoka kituoni nikaenda moja kwa moja dukani kwake. Nyuma ya duka palikuwa na kijistoo cha vitambaa ambamo alipigia pasi nguo zilizokwisha kushonwa, na kila mtu Migwani alijua Fundi hapendi kusumbuliwa akipiga pasi. Ilikuwa pasi ya makaa, na moshi wake ulikuwa kwenye nguo zake, nywele zake, hata kwenye sare za watoto. Nilisukuma pazia. Moshi ulikuwa umejaa. Yeye alikuwa ameketi juu ya robota la kitambaa cha kaki, mguu umenyooshwa. Niliweka mkono juu ya pasi. Ilikuwa baridi kabisa.

Hakuificha sigara iliyokuwa vidoleni. Aliitazama ikiungua. "Nesi," akasema, "siku ile nilikupa neno. Nilingoja ulitoe. Nikasikia ukisema inauma."

"Nilidhani nakusaidia, mzee."

"Ulinisaidia nirudi hapa." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Miaka yote nimejaribu kulisema hilo jambo. Kanisani siwezi. Kwa mama Kioko siwezi. Siku moja tu mdomo ulifunguka wenyewe, kwa sababu niliona nitakufa. Na wewe ukaufunga."

"Ungeweza kusema mwenyewe," nikamwambia. "Baadaye. Daktari alisema mbele yako. Ulikuwa unafunga viatu."

Jivu likaanguka lenyewe. "Ndiyo," akasema. "Ningeweza."

Nilipiga magoti nikamvua soksi. Baridi. Kando ya kile kidole kilichokauka, kidole kinachofuata kilikuwa kimeanza kubadilika rangi.

Tulirudi Nairobi watatu, lakini kwa daktari tuliingia wawili. Fundi alimwomba mkewe abaki nje kwenye benchi. Safari hii Kiswahili hakikumtoroka. Alisema yote, tangu alipoanza, ngapi kwa siku, wapi, na pasi. Daktari Halima aliandika bila kuonyesha mshangao. Kisha akanigeukia mimi. "Siku ile mezani, nilipokuuliza amesema nini. Alisema nini?"

"Alisema ni sigara," nikasema.

Niliona uso wake ukibadilika polepole, kuanzia machoni. Nilitarajia apaze sauti, na ningependa angeipaza. "Mimi nilikuwa ndani ya mshipa wake," akasema, "na wewe ndiye ulikuwa sikio langu. Mgonjwa akiongea nataka maneno yake. Sitaki yako." Akafunga faili. Alimrudisha Fundi mezani siku mbili baadaye. Mimi sikuitwa ndani. Walimpata mfanya usafi mmoja Mkamba wa kutoka Zombe, akavishwa aproni, akatafsiri. Mshipa ulifunguka, kwa shida. Vidole viwili vilikatwa. "Mara ya tatu," daktari alimwambia Fundi mlangoni, "huenda nisipate pa kupita."

Jumapili iliyofuata baada ya kuruhusiwa, Fundi alisimama kanisani kabla ya mahubiri, akiegemea magongo. Alisema kwa Kikamba, kwa maneno machache kuliko ninavyoandika hapa, kwamba miaka yote aliyowahubiria habari ya tumbaku alikuwa akitoka sokoni na kwenda kuvuta. Alisema mguu ni wa sigara. Mtoto aliyekuwa akilia aliacha. Mama mmoja mbele yangu alifunika mdomo kwa leso, akabaki hivyo. Upande wa wanawake, Mama Kioko hakugeuka kumtazama mtu yeyote. Niliona shingo yake tu, imesimama wima. Mchungaji akasema kwa upole kwamba kanuni zinajulikana, na Fundi akashuka kutoka viti vya wazee, akapita katikati yetu sote akibisha magongo sakafuni, akaketi benchi la mwisho karibu na mlango.

Nyumbani Mama Kioko alipakua wali kama Jumapili yoyote. Fundi hakuja mezani, alienda kulala. Tukabaki wawili. Aliweka mwiko chini. "Wewe ulijua lini?"

Sikuweza kudanganya tena. "Mwezi wa nne. Kule mezani kwa daktari."

Alihesabu kwa vidole, taratibu, akinitazama. "Miezi sita. Umekula hapa miezi sita, ukanitazama nikimwombea huyo mtu, na ulijua." Akakunja vidole. "Yeye ni mume wangu, nitajua la kufanya na yeye. Lakini wewe ni nesi. Nilidhani kama kuna mtu ataniambia, ni wewe." Akainuka, akachukua sahani yangu iliyokuwa bado imejaa, akaipeleka jikoni.

Kuanzia siku hiyo nilijipikia. Ukuta ulikuwa bado haufiki juu, lakini upande wa pili waliongea kidogo, na walipoongea waliteremsha sauti. Nilisikia mara moja tu Mama Kioko akisema, "Fungua mdomo ninuse," na baada ya muda, "Haya. Lala." Barua yangu ya uhamisho, kwenda Makueni, ilifika kabla ya Krismasi. Sikuwa nimeiomba, lakini sikuipinga.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimefunga sanduku na kukunja godoro Mama Kioko alipobisha mlango. Alikuwa na sahani ya muthokoi, moto. "Mtu hasafiri na njaa," akasema. Niliketi kitandani, kwenye kamba, nikala. Yeye hakuingia hata hatua moja. Alisimama mlangoni, mikono imefungwa, akatazama kila kijiko mpaka nikamaliza. Nikamshukuru. Alipokea sahani lakini hakuondoka.

"Huo mguu," akasema. "Niambie ukweli."

Nikamwambia. Nilimwambia mshipa umefunguka lakini umechoka, kwamba hata asipovuta tena unaweza kuziba, na akivuta utaziba kwa hakika. Nilimwambia ule mguu wa pili nao umeanza. Nilimwambia maneno ya daktari, kwamba mara ya tatu huenda pasiwe na njia, na kwamba hapo watakata juu ya goti, na wakati mwingine watu wa hali hiyo hufa kwa moyo kabla mguu haujawaua. Nilimwonyesha mahali pa kugusa kila asubuhi, na akiukosa mpigo afanye nini. Sikulainisha neno hata moja, na sikumwambia yuko mikononi mwa Mungu, ingawa niliamini hivyo. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alivuta stuli yangu kutoka chini ya meza, akaingia, akaketi, akavua kiatu chake mwenyewe, akaniwekea mguu magotini.

"Nionyeshe tena," akasema. "Hapo pa kugusa."